Kansa ya tumbo imerudi, mnaambiwa matundu: jinsi ya kujua kama ni salama kwa mgonjwa wenu

Sasa hivi huku kwetu kila mtu anataka matundu, yaani operesheni ya vitobo vidogo na kamera badala ya kupasua tumbo. Mgonjwa kaambiwa kansa ya tumbo imerudi, siti skani haijasomwa vizuri, tayari kwenye grupu la WhatsApp la familia shangazi wa Mafinga anauliza si wamfanyie ile ya matundu siku hizi hawapasui, na kijana wa Tunduma ameshaanza kuulizia bei za India. Naelewa. Kovu la kwanza wote wanalikumbuka, lile la kuanzia chini ya kifua mpaka kitovuni, na jinsi mgonjwa alivyokuwa anakumbatia mto kila akitaka kukohoa. Ila swali la matundu ni la tatu kwenye foleni. La kwanza imerudi wapi, la pili inatoka yote au haitoki, ndo linafuata la tatu kwamba waingilie wapi, na mkiruka hayo mawili ya mwanzo mnaweza mkachangishana hela nyingi kwa operesheni nzuri sana isiyokuwa na kazi.

Mimi ni mtu wa kuuguza, sio daktari, kwa hiyo haya ni ya kuwasaidia mkae mbele ya daktari mkijua cha kuuliza. Maamuzi ni ya kwake na mgonjwa.

Imerudi wapi

Wagonjwa wa namna hii hawafanani, na wengine kansa haijarudi hasa, ni mpya. Yupo mzee aliyekatwa sehemu ya tumbo zamani kwa ajili ya vidonda vya tumbo, enzi ambazo vidonda sugu vilikuwa vinamalizwa kwa kisu, kabla Barry Marshall na Robin Warren kule Australia hawajamnasa yule bakteria maabara mwaka 1982 na baadae watu wakaanza kutibiwa kwa vidonge. Mzee kama huyo anaweza kukaa miaka ishirini na zaidi analima viazi vyake vizuri tu, afu kansa ikaota kwenye kipande cha tumbo kilichobaki, mara nyingi karibu na pale kilipoungwa na utumbo. Ikiwahiwa inaweza kutolewa yote, na hapo ndo mazungumzo ya matundu yana maana kubwa zaidi.

Mwingine ni yule aliyekatwa kwa kansa yenyewe, akamaliza kemo, kisha ndani ya miaka miwili mitatu ikaonekana tena. Huyu mara nyingi haijarudi sehemu moja. Inakuwa imekaa kwenye ini, kwenye tezi za mbali, kwa akina mama hata kwenye ovari, au imesambaa vipunje vipunje kwenye ule utando unaofunika matumbo kwa ndani. Kwa wengi wa kundi hili tiba kuu ni dawa za dripu, yaani kemo, na kisu kinakuja kwa wachache waliochaguliwa kwa makini sana, kwa mfano aliyerudiwa sehemu moja tu kwenye maungio (pale tumbo lilipoungwa na utumbo) na kwingine kote pasafi.

Najua kuna ndugu atasema "wakate tu wapunguze, hata kidogo itasaidia". Hilo limejaribiwa. Madaktari wa Japani, Korea Kusini na Singapore waliwachukua wagonjwa ambao kansa ya tumbo ilikuwa imeshasambaa kidogo, tena hao ilikuwa mara yao ya kwanza kuugua, nusu wakakatwa tumbo na kupewa kemo, nusu wakapewa kemo peke yake. Matokeo yalitoka 2016: waliokatwa hawakuishi muda mrefu zaidi, miaka miwili baadae waliokuwa hai kwenye kundi la kemo tupu walikuwa karibu asilimia 32 na waliokatwa asilimia 25. Kwa hiyo mgonjwa ambaye haitoki yote, kumkata kwa lengo la kupunguza tu ni kumuongezea maumivu na kumchelewesha kemo. Tofauti ni pale anapotapika kila anachokula kwa sababu njia imeziba, au anavuja damu ndani. Hapo wanaweza kumpitishia njia nyingine ya chakula, au kumwekea kibomba kwa kutumia kamera ya mdomoni bila kupasua kabisa, na lengo linakuwa ale na apumzike.

Matundu ya kuchungulia

Hii watu wengi hawaijui na kwangu mimi ndo kazi nzuri kuliko zote za matundu kwa mgonjwa aliyerudiwa. Siti skani inaona uvimbe, inaona ini, ila vile vipunje vidogo kwenye utando mara nyingi inavipita. Sasa kabla ya operesheni kubwa daktari anaweza kuingiza kamera kwa tundu dogo, akaangalia tumbo zima, akachukua maji kidogo na kinyama (kipande kidogo cha kupima) kwenda maabara. Akikuta imesambaa anatoka, mgonjwa anaanza kemo mapema bila kidonda kikubwa cha kusubiri kupona. Akikuta pasafi mnaendelea na mpango. Kwa hiyo mkiambiwa "tutaanza kwa kuchungulia" msione wanawazungusha, na msijumlishe kwamba kwa kuwa ameshatobolewa basi operesheni imefanyika. Kuna familia zinapiga vigelegele siku hiyo afu wiki mbili baadae zinaambiwa uvimbe bado upo na zinadhani daktari amewadanganya.

Watafiti wanasemaje

Kwa mtu anayeumwa mara ya kwanza ushahidi ni mzuri. Daktari Seigo Kitano wa Japani alianza kukata kansa ya tumbo kwa kusaidiwa na kamera mwaka 1991, na tangu hapo Wakorea na Wachina wamelipima jambo lenyewe kwa wagonjwa wengi. Korea Kusini walichukua watu 1,416 wenye kansa ya hatua za mwanzo, wakawagawa kwa kura, nusu matundu nusu kupasuliwa. Waliopata madhara baada ya operesheni walikuwa asilimia 13 kwa matundu na karibu 20 kwa kupasuliwa, tofauti kubwa ikiwa kwenye kidonda, na baada ya miaka mitano waliokuwa hai walikuwa asilimia 94.2 kwa 93.3, yaani sawasawa. China wakafanya kwa watu 1,056 ambao kansa yao ilikuwa imeshazama zaidi, na ndani ya miaka mitatu ambao haikurudi walilingana tena, 76.5 kwa 77.8.

Lakini angalieni vizuri, hao wote ni watu waliokuwa wanatibiwa kansa ya tumbo kwa mara ya kwanza. Ukichukua namba hizo ukambandika mzee ambaye tumbo lake limeshafunguliwa na kuungwa upya unakuwa unajidanganya. Kwa operesheni ya kurudia kilichopo zaidi ni ripoti za hospitali moja moja, nyingi za Japani, Korea na China, zenye wagonjwa wachache, waliotazamwa kwa kurudi nyuma kwenye mafaili. Kwa ujumla ripoti hizo zinaonyesha matundu yanachukua muda mrefu zaidi mezani, damu inapotea kidogo, mgonjwa anaanza kula na kutoka wodini mapema, na madhara makubwa hayazidi ya kupasuliwa. Nzuri. Tatizo ni kwamba waliofanyiwa matundu walichaguliwa, wale wepesi wepesi walipelekwa kwenye kamera na wagumu wakafunguliwa, tena na madaktari ambao kazi hiyo wanaifanya kila wiki. Mimi nazisoma hivi: inawezekana kwa usalama, mikono sahihi, mgonjwa sahihi. Haimaanishi matundu ni salama kuliko kupasuliwa kwa kila mtu. Na roboti ni hivohivo, anayeiendesha ni daktari, hakuna sababu ya kuuza shamba la parachichi eti kwa sababu kule wana roboti.

Kwanini ya pili ni ngumu, na karatasi ambazo lazima mzitafute

Tumbo likishafunguliwa mara moja vitu vya ndani vinashikana. Ini linajibandika kwenye kipande cha tumbo kilichobaki, utumbo mpana unashikana na kovu, kongosho nalo liko hapohapo nyuma, inakuwa kama kurasa za daftari lililonyeshewa mvua likakauka hivohivo, ukilazimisha kuzitenganisha unachana. Hatari kubwa ya matundu kwenye operesheni ya kurudia iko hapo: kutoboa utumbo bila kujua, hasa wakati wa kuingiza chuma cha kwanza. Ndo maana daktari makini hachomi karibu na kovu la zamani, anatafuta sehemu ya mbali au anakata kidogo aone kwa macho kwanza ndo aingize. Aliyefanyiwa ya kwanza kwa matundu kwa kawaida anakuwa na mshikano mdogo kuliko aliyepasuliwa, lakini hata huyo hakuna anayejua mpaka kamera iingie.

Sasa hapa familia ina kazi ambayo hakuna daktari anayeweza kuwafanyia. Tafuteni ripoti ya operesheni ya kwanza. Sio kadi ya kliniki, sio karatasi ya kutokea wodini peke yake, ile ripoti yenyewe inayosema walikata kiasi gani, walitoa tezi zipi, utumbo waliuunga vipi na waliupitisha mbele au nyuma ya utumbo mpana. Daktari akiijua hiyo anaingia akijua njia, asipoijua anaanza kupapasa. Kama alipasuliwa hospitali ya misheni huko Njombe au Iringa miaka ya nyuma, nendeni masjala ya hospitali na jina kamili alilotumia wakati ule (wengine walijiandikisha kwa jina la ukoo, wengine la ubatizo), mwaka, na namba ya faili kama ipo. Faili likikosekana ulizeni kitabu cha chumba cha upasuaji, mara nyingine kipo wakati faili halipo. Na ulizeni maabara kama vipande vya kile kinyama cha kwanza bado vimehifadhiwa, maana wakivilinganisha na kinyama kipya wanajua kama ni kansa ileile au nyingine, na hilo linabadilisha tiba. Pigeni picha kila karatasi kwa simu, fotokopi muache nyumbani, orijino isafiri na anayeongozana na mgonjwa, isiwekwe kwenye begi la chini ya basi.

Mgonjwa mwenyewe yukoje

Kwenye matundu wanajaza tumbo hewa ya kaboni dayoksaidi ili wapate nafasi ya kuona, presha yake kama 12 mpaka 15 kwenye kipimo, na hewa hiyo inasukuma mapafu juu na kuupa moyo kazi. Kijana hasikii kitu. Mzee aliyechimba dhahabu Chunya miaka mingi mapafu yamejaa vumbi, au mama aliyepikia kuni jikoni kusikokuwa na dirisha maisha yake yote, au mtu mwenye kovu la TB, huyo mwambieni mtu wa usingizi mapema, wampime mapafu na moyo. Wakati mwingine mgonjwa wa hivo anafaa zaidi kwa kupasuliwa kwa muda mfupi kuliko kukaa masaa mengi kwenye hewa, na wakati mwingine ni kinyume, maana kovu dogo linamsaidia kupumua baadae. Ni hesabu ya daktari ila hawezi kuipiga kama hamjamwambia.

Halafu damu na uzito. Mtu ambaye tumbo limeshakatwa hafyonzi vizuri madini chuma na vitamini B12, kwa hiyo wengi wanakuja tayari damu iko chini. Akiwa amepungua zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake ndani ya miezi sita, mfano alikuwa na kilo 60 sasa ana 53, ulizeni kama anaweza kulishwa kwanza wiki moja mbili kabla ya kisu, kwa mdomo au kwa mpira. Maungio kwenye mwili wenye njaa hayashiki. Nyumbani mpeni kidogo kidogo mara nyingi: mayai, maziwa, parachichi lililopondwa, uji wa ulezi wenye karanga zilizosagwa laini, samaki asiye na miba. Sigara aache kabisa, ikiwezekana mwezi mzima kabla. Na dawa za kienyeji zitajeni, msione aibu, daktari hamgombezi mtu, anataka kujua kama kuna kitu kinachozuia damu kuganda au kinachochosha ini.

Mkikaa mbele ya daktari

Nendeni wawili, mmoja wa kuuliza mmoja wa kuandika, na mgonjwa awepo kama ana nguvu. Kuna ile tabia ya kumficha mzee ugonjwa wake, baba mdogo anaongea na daktari koridoni mzee anaachwa benchi anahesabu feni. Mimi siipendi, mwenye tumbo ni yeye.

Ulizeni kwa adabu ila ulizeni: "Dokta, samahani, operesheni za kansa ya tumbo kwa matundu mnafanya mara kwa mara hapa? Na za mtu aliyeshapasuliwa je?" Daktari mzuri hakasiriki. Halafu ulizeni ni kitu gani kitamfanya aache matundu afungue tumbo. Jibu ninalolipenda mimi ni la yule anayetaja mambo bila kusita, nikikuta mshikano mkubwa, damu ikinisumbua, nisipoona mwisho wa uvimbe, nafungua. Anayesema "hatufunguagi, sisi ni matundu tu" mshukuruni mtafute maoni mengine. Kufungua katikati ya safari ni breki ya usalama, tena mkubaliane kabisa kabla, fomu ya ridhaa iandike yote mawili, na familia iambiwe ili mgonjwa akitoka na bandeji ndefu watu wasianze kulia kwamba imeshindikana.

Ulizeni pia kama kesi imejadiliwa na madaktari wa upasuaji, wa kansa na wa picha wakiwa pamoja. Na usiku ikitokea shida kuna aisiyu, ile wodi ya wagonjwa mahututi? Siti skani inafanya kazi saa nane usiku? Maana madhara ya tumbo hayachagui saa za kazi. Gharama nayo, zile stepla za kukatia na kushonea utumbo ni za kutumia mara moja na ni ghali, ulizeni bima inabeba nini na nini mtanunua wenyewe kabla tarehe haijapangwa. Kuhusu damu msisubiri siku ya mwisho, Damu Salama (mpango wa taifa wa kukusanya damu) kanda yetu wapo Mbeya, vijana wa familia waende wakachangie mapema.

Kama mko Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya au ya mkoa pale Iringa wakaona mgonjwa aende Dar, Muhimbili au hospitali ya kansa ya Ocean Road, msidhani mmefukuzwa. Operesheni hii sio ya kufanyia majaribio, na kilomita zaidi ya 800 kutoka Mbeya mpaka Dar ni nafuu kuliko kupasuliwa mara tatu. Ila kama mgonjwa ni wa kemo tu, ulizeni ni sehemu gani ya tiba inaweza kufanyika karibu na nyumbani.

Baada ya operesheni

Bega likiuma siku mbili tatu za mwanzo msishtuke, ni ile hewa iliyobaki inakera msuli wa chini ya mapafu, inaisha yenyewe. Aamshwe akae, atembee mapema hata hatua chache hadi mlangoni, inazuia damu kuganda miguuni na kichomi.

Cha kuogopa ni maungio kuvuja. Mara nyingi kunajionyesha ndani ya wiki ya kwanza au kidogo zaidi: homa, mapigo ya moyo yanaenda mbio bila sababu, maumivu yanaongezeka badala ya kupungua, tumbo gumu, mpira wa kutolea uchafu unaleta maji ya kijani au usaha. Mwiteni nesi saa hiyohiyo, na kama anawaambia "ni kawaida" na nyie mnaona hali inaharibika ombeni daktari aje. Vitobo vidogo vya nje visiwadanganye, kilichofanyika ndani ni kikubwa kilekile. Nimeona ndugu wanamletea mgonjwa ndizi nyama siku ya tatu eti kidonda chenyewe kidogo. Hapana, ni maji, uji mwepesi, vitu laini, kwa ratiba ya wodi.

Akianza kula ale mara sita au zaidi kwa siku, kiasi cha kiganja, maji anywe nusu saa kabla au baada ya chakula. Uji wenye sukari nyingi na soda ni adui mpya, vinashuka haraka kwenye utumbo anaanza kutoka jasho, moyo unadunda, kizunguzungu, anaharisha, na watu wanadhani presha. Ulanzi na komoni, zile pombe za kienyeji, awaachie majirani.

Safari ya kurudi ulizeni daktari lini anaruhusiwa kupanda basi, na akiruhusiwa kila basi likisimama ashuke anyooshe miguu. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au akibanwa pumzi ghafla, haisubiri asubuhi. Kabla ya kutoka wodini hakikisheni mna karatasi ya dischaji inayosomeka, majibu ya kinyama yatatoka lini na nani atayafuata, na tarehe ya kliniki. Na kama tumbo limetolewa lote, sindano ya vitamini B12 ni ya maisha. Akiba iliyoko kwenye ini inaweza kumbeba miaka kadhaa bila dalili ndo maana watu wanasahau, mpaka siku vidole vinaanza kufa ganzi na damu imeshuka, kwa hiyo muulizeni daktari achomwe kila baada ya muda gani, na kama sindano hiyo inapatikana kwenye kituo cha afya cha karibu na kwenu au lazima mwende mjini kuinunua.